Globu ya Mkono wa Kushoto

Najua kubadilisha globu ya indiketa ya gari. Naandika jambo hili leo kwa sababu nimelikana kwa miaka mingi, mbele ya wanaume wengi, wengine wakiwa na bisibisi mkononi. Nimewahi kusimama kando ya barabara nimekumbatia mkoba, nikimtazama mwalimu mwenzangu wa chuo kikuu, bingwa wa uchumi, akiichokonoa taa ya gari langu kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto wa jirani. Nilijua globu inatokea upande gani. Nilijua pia kwamba yeye anavuta upande mwingine. Kioo cha taa kilipompasukia mkononi nikasema, "Pole jamani, kumbe ni kazi ngumu hivyo," naye akanieleza kwa upole kwamba vitu hivi vinataka mtu aliyezoea. Nikamshukuru, nikamnunulia soda.

Watoto wangu wanasema ni uvivu. Mume wangu anasema ni malezi. Ukweli ni kwamba mara ya kwanza kukana nilikuwa msichana wa shule ya kati, nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri. Hizi nyingine zote ni mazoea tu.

Tulikuwa tunakaa Ng'ambo, Tabora, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Baba alikuwa gadi wa treni. Siku nyingi alikuwa Kigoma au Dodoma, na akiwa nyumbani alikuwa amelala. Mama alikuwa mkunga katika hospitali ya misheni. Tulikuwa na gari, jambo lililotupa heshima mtaani na usumbufu nyumbani. Baba alilinunua kwa mpima ardhi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anarudi kwao, na ninashuku kwamba yule bwana alipanga safari yake kwa kufuata hali ya gari lile. Lilikuwa dogo, jeusi, lenye mgongo kama wa kobe, na asubuhi za baridi liliwaka kwa kusukumwa na majirani.

Magari ya namna ile hayakuwa na indiketa za kupepesa kama haya tuliyonayo. Kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango wa mbele palikuwa na ufa mwembamba, na ndani ya ufa umelala mkono wa bati wenye urefu wa kiganja. Dereva akisogeza swichi, mkono unanyanyuka na kusimama nje ya gari kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Ndani ya mkono kuna globu, na juu ya globu kifuniko cha plastiki cha rangi ya chungwa. Mkono wa kulia kwa kona ya kulia, wa kushoto kwa kona ya kushoto. Kwa vumbi la Tabora, mara nyingi mkono ulikataa kutoka mpaka uipige nguzo ngumi kwa ndani. Baba aliipiga bila hata kukatisha maneno aliyokuwa akisema.

Mama alikuwa anajifunza kuendesha. Baba alimfundisha kwenye uwanja ulio nyuma ya stesheni, akipaza sauti dirishani kana kwamba anaongoza behewa la mizigo. Wanawake walioshika usukani Tabora wakati ule walikuwa wake za Wazungu na Mhindi mmoja mwenye miwani myeusi. Mama alipopita, watoto waliacha kucheza na watu wazima waliacha kuuza. Wapo waliosema mtaani kwamba gari limempanda kichwani. Mama alikuwa na jambo lake.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Misheni ilikuwa imeagiza gari kubwa la mizigo, lenye turubai nyuma, na daktari mkuu alikuwa amesema wazi: mkunga akipata leseni, gari litakuwa la wazazi. Lingekwenda kila wiki njia ya Nzega mpaka Ziba, kuwapima wajawazito na kuwachukua walio katika hatari. Asipopata, litakwenda kwa fundi mkuu wa ujenzi, kubeba mbao na saruji, kwa sababu misheni ilikuwa na dereva mmoja tu, na huyo alikuwa wa ujenzi. Mama hakuwahi kutuhutubia kuhusu suala hili. Nilichokiona ni cha siku moja tu, nilipompelekea chakula hospitalini. Mwanamme mmoja alikuwa amefika kutoka upande wa Ziba na mke wake juu ya baiskeli, amefungwa kwa kanga asianguke. Walikuwa wamechelewa. Mama alitoka wodini, akachota maji kwenye ndoo, akaiosha ile baiskeli yeye mwenyewe, mbele na nyuma na kwenye spoki, kisha akamrudishia yule mwanamme. Jioni ile ndipo alipomwambia baba kwamba anataka kujifunza gari.

Mtahini wa leseni alikuwa sajini wa polisi aliyekuja kwa treni kutoka Dodoma, mara chache sana kwa mwaka. Aliyemkosa alisubiri, na gari la misheni lisingesubiri. Sajini huyu alikuwa na sifa iliyomtangulia kwenye reli: hakuanza mtihani kabla hajalikagua gari. Safari iliyopita alikuwa amemrudisha nyumbani dereva wa lori, mtu mwenye mvi, kwa sababu ya taa moja isiyowaka.

Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi. Jumapili, tulipotoka kanisani, mama aliliingiza gari uani kwa mazoezi ya mwisho. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma na kutangaza ninachokiona.

"Kulia," akasema mama.

"Inawaka."

"Kushoto."

Mkono ulinyanyuka, ukasimama nje. Haukuwaka.

"Kushoto," akarudia, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yangu.

"Umenyanyuka, mama. Hauwaki."

Alizima na kuwasha. Akaipiga nguzo ngumi kama alivyofanya baba. Mkono ulitingishika, na giza likabaki ndani yake. Nikatumwa mbio kwa fundi wetu, ambaye karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, na mke wake akaniambia kwamba mzee amekwenda Isikizya kwenye harusi ya mpwa wake, na kwamba atarudi pombe itakapokwisha. Duka la vipuri la Mhindi lilikuwa limefungwa, na siku za kazi lilifunguliwa wakati ambao mama angekuwa ameshasimama mbele ya sajini. Baba alikuwa kwenye treni, upande wa Kigoma, na alitazamiwa Jumatatu jioni.

Niliporudi na habari hizo, mama alikuwa amekaa kizingitini. Hakuwa mtu wa kukaa kizingitini. Kisha akasema, "Niletee makasi yangu."

Makasi yake yalikuwa ya kazi, yenye ncha nyembamba, ya kukatia vitovu. Mimi nilikatazwa hata kuyashika. Lakini skrubu iliyofunga kifuniko cha ule mkono ilikuwa kama punje ya mtama, na bisibisi ya baba ilikuwa pana kama kijiko cha kupakulia. Mama aliunyanyua mkono kwa kidole, akaingiza ncha ya makasi, akazungusha. Mikono ile ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mtaa wetu, lakini ilikuwa mikono ya kushika vitu vinavyoteleza na vyenye uzito. Skrubu ilimponyoka na kuanguka mchangani.

Tulipiga magoti. Mchanga wa Tabora ni mzuri kwa karanga na mbaya kwa skrubu. Mwishowe nilileta chekeche la unga, tukauchekecha uwanja wetu kama watu wanaotafuta almasi, na jirani mmoja akachungulia juu ya ua na kuuliza tumepoteza nini. Mama akamjibu kwamba tunasafisha. Skrubu ilipobaki kwenye chekeche, mama hakuichukua. Alivitazama vidole vyangu, ambavyo wakati ule vilikuwa kama njiti na vilinitia aibu shuleni, akanipa makasi.

"Fanya wewe," akasema. "Mimi nitashika."

Kifuniko kilikataa kutoka. Nilikivuta, kikalia, na ufa mwembamba kama unywele ukapita katikati ya ile plastiki. Mama aliusikia. Akasogeza kichwa kuchungulia. Ndani palikuwa na globu yenye umbo la kidonge, na kila ncha imevaa kikofia cha bati. Ilikuwa imeungua, nyeusi kama iliyopakwa masizi. Tulikuwa sasa na mkono uliofunguliwa, kifuniko chenye ufa, globu mfu, na saa za mchana zinazokwenda.

Nilikumbuka taa ya ndani, ile ndogo ya kwenye dari ya gari. Nilipanda kwenye kiti, nikafungua kioo chake, na humo nikakuta kidonge cha namna ileile, kinang'aa. Nilijiona nimemfikia aliyegundua umeme. Darasani nilikuwa wa kwanza katika somo la sayansi, na kwa hiyo sikuona haja ya kumuuliza mtu yeyote kama swichi imezimwa. Niliingiza globu kwa ncha ya makasi. Cheche ikaruka, ya buluu, ikalia kama mjeledi, nami nikajikuta nimekaa chini mchangani na globu kwenye kiganja.

Mama alikuwa bado ameshika mkono wa gari kwa kidole kimoja. "Imevunjika?" akauliza.

Nikafungua kiganja. Ilikuwa nzima.

"Na wewe?" akauliza baadaye.

Alikwenda kubonyeza honi. Sijawahi kuipenda honi kama siku ile. Ililia, maana yake betri ilikuwa hai, na kuku wa jirani wakatawanyika. Mama alizima swichi, akaniashiria niendelee. Globu ya dari ilikuwa ndefu kidogo kuliko ile iliyoungua, ikabidi niipinde nyuma ile shaba inayoikamata, polepole, huku nikisikiliza kama itakatika. Haikukatika. Tulipowasha, mkono uliwaka mwanga mkali, mkali kuliko ule wa kulia, kama gari lililosisitiza kwamba linapendelea kushoto.

Kifuniko chenye ufa kilikuwa kinacheza. Mama alileta nta ya nyuki aliyokuwa akiitumia kuulainisha uzi, akaikanda mpaka ikawa laini, akaziba ufa na kingo zote. Nikakaza skrubu. Kisha akayachukua makasi, akayachemsha, akayachemsha tena, na usiku ule hakuna aliyeruhusiwa kuligusa gari.

Asubuhi, jirani yetu aliyekuwa dereva wa lori la tumbaku alikaa kando ya mama mpaka polisi, kama sheria ilivyotaka. Mimi nilikaa nyuma kwa kisingizio cha kubeba maji ya rejeta. Sajini alikuwa mtu mfupi, suruali yake fupi imepigwa pasi mpaka inakata, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kabisa. Wauguzi hospitalini walikuwa wamemwambia mama kwamba ni Mzaramo. Hiyo ilikuwa faraja yetu, kwa sababu Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao wakienda pwani na pembe mabegani. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kukalia kiti chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika; unachoweza ni kumrudishia. Lakini mtani hakuui.

Mama alimsalimia. Sajini akamtazama juu mpaka chini.

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi, bwana sajini."

"Mzigo uko wapi? Mnyamwezi hasafiri bila mzigo." Akaniona kwenye dirisha la nyuma. "Aha. Abaki huyo. Ndiye mzigo."

Mama alipumua. Mimi pia. Utani ulikuwa umeanza, na yeye ndiye aliyeuanza.

Alilikagua gari. Breki, honi, taa za mbele. Mkono wa kulia. Mkono wa kushoto aliukinga jua kwa kofia yake ili aone vizuri, na ulikuwa unawaka. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Akaingiza kichwa ndani na kubonyeza swichi ya taa ya dari. Haikuwaka. Akaifungua. Akaangalia pale mahali patupu, akageuka akaangalia mkono wa kushoto, akapafunga. Aliingia, akakaa, akasema, "Twende."

Mama aliendesha vizuri. Nasema hivyo kwa haki, maana mimi nilikuwa nimefumba macho kwenye gia mbili za kwanza. Tukapita stesheni, tukashika njia ya soko, na kwenye njia panda ya kwanza, ambapo tulipaswa kukunja kushoto, tukakuta ng'ombe. Lilikuwa kundi zima, linapelekwa mnadani, na mchungaji wao hakuona sababu ya kuharakisha kwa ajili ya polisi. Mama akasimama. Mkono wa kushoto ukiwa nje, umewashwa, kwenye jua. Ng'ombe wakapita. Wakaendelea kupita. Nami nikaanza kusikia harufu.

Sajini naye akainua pua. "Kuna mtu ana asali humu?"

"Ni Tabora hii, bwana sajini," akasema mama, macho yakiwa barabarani.

Globu ya dari ilikuwa na moto kuliko ule mkono ulivyozoea, na nta yetu ilikuwa inayeyuka. Niliona tone moja likishuka juu ya rangi nyeusi ya mlango. Ng'ombe wa mwisho alipopita, mama akakunja kona, akazima swichi, na mkono ukarudi kwenye ufa wake, na nta yake, ukalala humo. Nilijua kitakachofuata. Nilijua muda wote wa barabara ile ndefu, mpaka sajini aliposema, "Kushoto tena."

Mama alisogeza swichi. Ndani ya nguzo, karibu kabisa na bega langu, kitu kikagonga: tk. Tk. Mkono ulikuwa umenata.

Ngumi moja kwenye nguzo ingetosha. Nguzo ilikuwa hapo, na ngumi yangu ilikuwa tayari imekunjwa. Kwenye kioo cha dereva nikaona macho ya mama yananitazama, na yalisema hapana. Sikupiga. Mama akatoa mkono wake mwenyewe nje ya dirisha la kulia, akauzungusha hewani polepole, mzunguko mpana, kama walivyofanya madereva wa zamani kabla ya hii mikono ya bati, akapunguza mwendo, akakunja kushoto. Sajini aligeuza kichwa akautazama ule mkono mpaka ulipoingia ndani. Kisha akatazama mbele.

Uani kwa polisi alishuka wa kwanza. Alitoa kisu kidogo mfukoni, akauchomoa mkono wa kushoto kutoka kwenye ufa, akafungua skrubu yangu, akaitoa globu yenye nta pande zote. Akaiinua juani. Kisha akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Hii inabaki kwangu," akasema. "Na wewe, mama, mzigo wako ubebe kichwani kama babu zako. Kichwa hakihitaji globu."

Askari waliokuwa kwenye baraza wakacheka, na mama akafanya kile ambacho Mnyamwezi yeyote angefanya. Akaweka mikono kiunoni.

"Babu yangu alipita kwenu na pembe ya ndovu begani," akasema, kwa sauti ya kuwafikia wote. "Akawakuta Wazaramo mmelala. Akafika Bagamoyo, akauza, akarudi. Akawakuta mmegeuka ubavu tu."

Askari mmoja alishika tumbo. Sajini hakucheka. Alifungua karatasi zake, akasema, "Anayefuata," na akatupa kisogo. Mama hakuambiwa amefaulu wala ameshindwa. Askari wa zamu akatueleza kwamba majibu yatapigwa kwa simu kutoka Dodoma hadi hospitalini, kwa sababu misheni ndiyo iliyoomba.

Jioni baba alirudi. Mama alimsimulia yote, pamoja na mikono kiunoni, na baba alicheka mpaka kwenye habari ya Bagamoyo. Hapo akaacha.

"Mzaramo nani?"

"Sajini."

"Yule si Mzaramo," akasema baba. "Safari iliyopita nilimleta mwenyewe kwenye treni yangu, tukala sahani moja. Ni Mmwera. Kwao ni Lindi."

Hatukuwa na utani na Wamwera. Misafara ya babu zetu haikupita kwao. Hakuna aliyewauzia maji wala kuwaibia kuku. Mama aliweka chini kijiko.

"Basi aliyoniambia yalikuwa matusi kweli."

"Na yako pia," akasema baba. "Lakini mwenye kalamu ni mmoja."

Baba alitaka waende kuomba radhi kabla sajini hajaondoka. Mama alikataa, akauliza aombe radhi kwa lipi, kwamba babu yake hakulala? Walibishana kwa sauti ya chini, na mimi ninavyoelewa leo, wote walikuwa sahihi. Kama hakukuwa na utani, mama alikuwa amemdhalilisha mtu wa serikali mbele ya askari wake. Kama ulikuwepo kwa njia yoyote, kuomba radhi kungekuwa kumwambia mtani kwamba umeumia, na hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Sajini akaondoka na treni, na globu yetu mfukoni mwake.

Tukasubiri. Gari la misheni lilifika kwa behewa, likashushwa, likaegeshwa kando ya karakana ya mbao. Fundi mkuu wa ujenzi alianza kulipima kwa futi, nyuma, urefu na upana, ili ajue mbao za namna gani zitaingia. Mama alipita hapo kila asubuhi akienda wodini, na hakuligeuzia shingo. Nyumbani aliacha kuzungumza habari za gari kabisa. Gari letu lilikaa uani na mkono wake wa kushoto umening'inia, hauna kitu ndani, na hakuna aliyenituma kununua globu mpya.

Mchana mmoja nilimpelekea chakula kama kawaida. Karani wa hospitali, mtu aliyeiogopa simu na kuifuta kwa kitambaa kila baada ya kuitumia, alitoka barazani na kusema kwamba kuna simu ya mama yangu kutoka Dodoma. Nilikimbia mpaka mlango wa wodi ya wazazi, nikagonga, nikasema.

"Siwezi kutoka," ikaja sauti ya mama kutoka ndani. "Kichwa kinaonekana. Kaipokee wewe."

Sikuwa nimewahi kushika simu. Karani aliigeuza mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa nataka kusikilizia pale pa kusemea. Ndani yake mlikuwa na upepo na watu wengine wakizungumza mbali.

"Nani hapo?"

Niliijua sauti. "Ni mimi."

"Mimi nani?"

Jina langu lisingemsaidia. "Mzigo," nikasema.

Upepo ukavuma kidogo. "Mama yako yuko wapi?"

"Anazalisha. Kichwa kinaonekana. Shikamoo."

"Marahaba. Basi sikiliza wewe, na umfikishie kama nilivyosema. Baba yangu mimi ni Mmwera wa Lindi."

"Tunajua," nikasema.

"Mnajua. Lakini mama yangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Kwa hiyo wale mama yako aliowatukana mbele ya askari wangu, kwamba wamelala, ni wajomba zangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimewafikishia wajomba. Wanadai jogoo. Mweupe, asiye na doa. Jogoo asipofika, globu hairudi."

Hakuna anayemdai jogoo mtu asiyekuwa mtani wake. Hilo nililijua. Lakini jogoo si leseni, na kupitia dirisha la karani nilikuwa naliona gari la misheni, na mtu wa ujenzi akipandisha ubao wa kwanza.

"Na leseni?" nikauliza.

"Inakuja na treni ya kesho. Baba yako ndiye gadi, nitamkabidhi mwenyewe. Mkono wa gari umekwama, mtu katoa wa kwake. Nimnyime kwa lipi?"

Nilitaka kuiacha simu na kukimbia, lakini sajini hakuwa amemaliza.

"Sasa niambie wewe mzigo. Ile globu ya dari, nani aliihamishia nje?"

Niliyaona yote kwa pamoja: makasi, chekeche, cheche, nta. Karani alikuwa ananitazama na kitambaa chake mkononi. Leseni ilikuwa bado Dodoma, treni ilikuwa ya kesho, na sikujua kama serikali inaruhusu mambo ya namna ile.

"Fundi," nikasema.

"Fundi gani?"

"Wa Ng'ambo."

"Mwambie huyo fundi wa Ng'ambo," ikasema sauti ya sajini ndani ya upepo, "skrubu hukazwa kwa bisibisi, na nta awaachie nyuki."

Nikasema nitamwambia.